Kumbukumbu za Kikao, Kaislavesi

Majira ya baridi, mwaka wa hamsini na mbili.
Waliohudhuria: kumi na mmoja, na mbwa wa Taavetti.
Jiko la kuni linanguruma, vioo vimeota manyoya ya barafu,
nami karani wino umenigandia mara mbili,
nimeupasha moto kwapani.

Ajenda ni moja. Kila tarafa ya Ufini sasa yataka ngao yake,
na jirani zetu wa ng'ambo ya ziwa wameshapata:
kichwa cha dubu, chekundu, ulimi nje.
Hatukubali kupitwa na watu wasiojua hata kuoka mkate.

Mchoraji ametoka Helsinki kwa treni, kisha kwa sleji ya farasi.
Rurik Stenvall, mwembamba kama kalamu yake.
Akauliza: Mna nini hapa?

Penye wengi pana mengi.
Taavetti akataka kiwanda cha mbao, moshi uonekane.
Mwalimu Orvokki akataka kanisa, madirisha yote saba.
Mwingine kiazi. Mwingine reli,
ingawa reli hutupita kilomita tisa bila kugeuza shingo.
Lempi wa duka akataka samaki, juu ya samaki korongo,
juu ya korongo nyota, moja kwa kila kijana
aliyekwenda vitani akarudi ndani ya sanduku.
Hapo kikao kilinyamaza.
Nimeandika: kikao kilinyamaza.

Stenvall akavua miwani, akaifuta kwa tai,
akasema polepole, kama asomaye sala ya babake:

     Ngao si kapu la soko, kulijaza vitu vingi,
     Atazamaye yu huko, ng'ambo, na ukungu mwingi,
     Kimoja chenye mashiko, ndio wa nembo msingi,
     Madini juu ya rangi, rangi juu ya madini.

Akachovya brashi atuonyeshe.
Nyeusi juu ya buluu: usiku ukala usiku.
Njano juu ya nyeupe: tukakodoa macho, patupu.
Hizo mbili ndizo madini, alisema, dhahabu na fedha,
hata mkipaka chokaa na rangi ya siagi.
Na kulia kwa ngao ni kulia kwa aliyejificha nyuma yake.
(Taavetti akageuka kitini mara mbili kuutafuta mkono wake.)
Na kabla ya picha, maneno:
sentensi fupi, ambayo mtu asiyewahi kufika kwetu
akisomewa gizani, kukicha aichore bila kukosea.

Tukajaribu.
Sentensi ya kiwanda ilijaza ukurasa.
Ya kanisa ilidai koma kumi na nne.

Ndipo Hilja Pöyry, aliyeingia kuongeza kuni tu,
akasema, magoti chini, uso ndani ya mwanga wa jiko:
Tundu.

Tundu gani, mama?

La kwenye barafu. Tunalotoboa kila asubuhi.
Hapo twateka maji, hapo twavua,
tukitoka sauna hapo twatumbukia kwa mayowe.
Hapo Aarne wangu aliingia na farasi, ana miaka tisa,
tukamtoa hatamu ingali mkononi.
Kesho yake niliteka maji palepale.
Ningeteka wapi?

Mbwa peke yake ndiye aliyejikuna.
Stenvall akachukua kikombe cha kahawa,
akakifudikiza juu ya karatasi, akauzungusha wino,
akalijaza duara hadi likawa na kina.

Kwenye fedha, duara jeusi.
Maneno manne. Niliyahesabu.

Kura: wote. Taavetti wa mwisho,
na aliinua wa kulia, kulia kwake mwenyewe.
Lempi aliomba iandikwe kwamba analia, nami naandika.

Kikao kilifungwa saa tatu usiku.
Moto ulikuwa umefifia, wala hakuna aliyeuchochea,
kwa maana Hilja alikuwa amepewa kiti.

Sahihisho, mstari wa pili:
waliohudhuria, kumi na wawili.